"Mko wangapi sasa?" na dhana nyingine zinazolemea makanisa machanga

Mchungaji aliyeanzisha kanisa Rhonda au Kiamunyi, mitaa ya Nakuru, akirudi kwao Vihiga mwezi wa Desemba, swali la kwanza baada ya salamu ni hilo: "Mko wangapi sasa?" Akisema arobaini, anaonewa huruma. Akisema mia tatu, anaitwa baba askofu papo hapo. Swali lenyewe halina ubaya. Tatizo ni dhana zilizojificha nyuma yake, na ninathubutu kusema dhana hizo zimewachosha wachungaji wengi kuliko huyo shetani wanayemkemea kila Ijumaa.

DHANA: Krusedi ndiyo hujaza kanisa

Krusedi, yaani mkutano wa injili wa nje, hujaza uwanja. Kanisa ni hesabu nyingine.

Anayetaka kuuona ukweli wa jambo hili asiende uwanjani, aende kwa katibu wa kanisa Jumatatu asubuhi amwone na lile daftari la waliookoka. Majina yamejaa kurasa mbili tatu. Ukianza kupiga simu, nambari moja imepungukiwa na tarakimu, nyingine haipatikani, ya tatu inapokelewa na mtoto anayesema mama ameenda soko. Mahali pa kuishi pameandikwa "Rhonda, karibu na kanisa", na Rhonda makanisa ni mengi kuliko vioski. Halafu kuna wale walioinua mikono huku tayari ni washirika wa kwingine. Walivutwa na nyimbo, wakaguswa na mahubiri, na Jumapili watarudi kwao bila kosa lolote.

Wanaobaki, kwa sehemu kubwa, ni wale waliokuja na mtu: jirani wa ploti, mwenzake wa kazini, dada yake. Kwa hiyo kama mtafanya mkutano wa nje, kazi kubwa si jukwaa. Mwulize mtu anakaa ploti ya nani na mlango wa ngapi, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa mitaa yetu wanavyoelekezana. Piga nambari yake akiwa bado amesimama mbele yako, uisikie ikilia. Mpe jina la mshirika mmoja anayekaa karibu naye, na mshirika huyo afike kwake kabla ya Jumatano. Jumapili amsubiri langoni waketi pamoja. Mkikosa watu wa kufanya hivyo kwa wageni ishirini, basi uwanja wa watu elfu moja hautawasaidia.

Wahubiri hupenda kutaja wale elfu tatu wa siku ya Pentekoste, Matendo 2:41, na wana haki. Ila kitabu hicho hicho kinasema Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita akifundisha. Efeso akakaa miaka miwili akihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano, mahali ambapo hapakuwa pake. Mchungaji anayekodi darasa la shule ya msingi kila Jumapili, na kupanga madawati upya kabla ya kurudisha ufunguo kwa mwalimu mkuu, yuko kwenye mstari wa zamani sana.

DHANA: Viti vikijaa, watu wameokoka, vikipungua, Mungu ameondoka

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya hujitambulisha kuwa Wakristo. Katika nchi ya namna hiyo, wengi wa washirika wa kwanza wa kanisa jipya wametoka kanisa lingine. Wapo waliohama mtaa, wapo waliokosana na mzee wa kanisa, wapo waliochoka na safari ya matatu mbili. Wapokeeni, lakini ulizeni walikotoka na wametokaje. Aliyeondoka kwa ugomvi ambao hajaumaliza atakuja nao, na huyo ndiye mara nyingi hujitolea mapema kuongoza. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unakataza kumpa uangalizi aliyeongoka karibuni. Mimi naongeza: wala aliyehama karibuni.

Kupungua nako kuna sababu zake za kawaida. Nakuru ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Wanafunzi wa Egerton na Kabarak hufunga muhula wakaenda zao, mwalimu hupewa uhamisho, kibarua wa shamba la maua hufuata mkataba Naivasha. Desemba nusu ya kanisa iko mashambani. Januari sadaka inaanguka na viti vinabaki wazi, na mchungaji mchanga anatangaza mfungo wa siku ishirini na moja kuuvunja mwamba. Mfungo ni mwema, lakini kilichotokea Januari ni karo. Panga bajeti ukijua hivyo: kodi ya ukumbi ya Januari na Februari iwekwe kando tangu Oktoba.

DHANA: Spika kubwa huita watu

Huita malalamiko kwanza. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zimeweka kiwango cha mahali pa ibada kuwa desibeli 40 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza baada ya saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama desibeli 60. Kwa maoni yangu kiwango hicho ni kikali mno, kwaya ya akina mama wanne bila kipaza sauti inakivuka. Lakini ndicho kilichopo, na Katiba imezipa kaunti pia mamlaka ya kudhibiti kelele. Kesha la spika mbili katikati ya nyumba za kupanga halina pa kujitetea.

Hata sheria ikiwekwa kando, hebu tazama mahali lilipo kanisa lenyewe. Kaptembwo ukuta wa mabati wa kanisa unaweza kuwa ndio ukuta wa chumba cha mlinzi aliyerudi kutoka zamu saa moja asubuhi. Huyo jirani ndiye mlikuja kumhubiria. Punguzeni sauti, geuzeni spika zitazame ndani badala ya barabarani, na mchungaji aende mwenyewe kubisha hodi kwa majirani wa ukuta kwa ukuta kabla hawajaenda kwa chifu.

DHANA: Kiingereza huleta vijana

Kuna kanisa la watu thelathini, wote wanajua Kiswahili, mhubiri ni mtu wa Webuye, na bado anahubiri Kiingereza akitafsiriwa na kijana aliyesimama kando yake. Mahubiri ya dakika ishirini yanakuwa arobaini. Vijana wanaofuatwa kwa njia hiyo wakitoka nje wanaongea Sheng'.

Lugha huamuliwa na mtaa. Nyalenda au Manyatta, Kisumu, maombi ya Dholuo hufika mahali ambapo Kiswahili hakifiki, na kanisa linalojua hivyo litafanya vizuri. Nakuru ni tofauti. Huku ploti moja ina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mkisii na Mjaluo, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008. Kiswahili cha madhabahuni pekee hakitoshi. Mzee akiteleza kwenye lugha ya nyumbani wakati wa matangazo, akatia mzaha, nusu ya kanisa ikacheka, ile nusu nyingine imeshaambiwa kwamba wao ni wageni. Angalieni pia wanaohesabu sadaka, wanaoongoza sifa na wanaoshika mikrofoni. Wakiwa wote wa kabila moja, tangazo la "karibuni nyote" halitawasaidia.

DHANA: Mchungaji wa kweli huacha kazi na kuishi kwa imani

Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Priska huko huko Korintho. Mchungaji wa kanisa la familia kumi na mbili anayeacha ualimu au duka lake la vifaa vya ujenzi anazitwika hizo familia mshahara, kodi ya nyumba na karo ya watoto wake, na mahubiri yake yataanza kuelemea kwenye utoaji hata kama hakupanga. Nimeona walioshika kazi miaka kadhaa wakahubiri bila kumwogopa mshirika yeyote mwenye pesa. Wanachoka, ni kweli, na mama mchungaji anachoka zaidi kwa sababu watu hubisha mlango wake yeye wakati mume yuko kazini. Ndiyo maana kuwe na wazee wawili watatu wa kugawana ziara za wagonjwa mapema, sio kanisa likishakua.

Hapa hapa kuna ile nyingine: "kanisa halilipi kodi." Msamaha wa kodi ya mapato huombwa KRA, mamlaka ya ushuru, na kutolewa kwa cheti, hauji tu kwa sababu mna msalaba ukutani. Na hata mkiupata, mfanyakazi wenu hajasamehewa. Mchungaji anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi hafikii PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ambayo kwa sasa huanza juu ya 24,000, lakini asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii ni shilingi 550, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ni 300, na kanisa kama mwajiri linaongeza 300 nyingine. NSSF, akiba ya uzeeni, nayo ipo.

Kuhusu sadaka yenyewe, mshirika akituma fungu la kumi kwa M-Pesa simu humwonyesha jina la anayepokea. Likiwa ni jina la mchungaji, mshirika halalamiki, ila anaanza kutuma kidogo kidogo. Fungueni akaunti ya kanisa yenye watia sahihi watatu. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, iandikwe na kutiwa sahihi kabla ya yeyote kutoka ukumbini, na mchungaji asiwe mmoja wao. Wakorintho wa Pili sura ya 8 inaeleza jinsi Paulo alivyotuma zaidi ya mtu mmoja na mchango ule ili asilaumiwe. Kama yeye alijali lawama, sisi ni nani?

DHANA: Makanisa ya kuchipuka ni mambo ya juzi

Wanaosema hivyo wameisahau historia ya magharibi mwa Kenya. Marafiki, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902 wakiwa Wamarekani watatu, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906. Johana Owalo alianzisha kanisa la Nomiya upande wa Nyanza mwanzoni mwa karne ya ishirini, likawa miongoni mwa makanisa huru ya kwanza nchini. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli alijitenga na misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori na kuanzisha Israel Nineveh. Legio Maria ilijitenga na Wakatoliki miaka ya 1960. Yote haya yalikuwa makanisa machanga, na yote yaliitwa vurugu na mtu fulani. Mengine mengi yalizuka nyakati hizo na hakuna anayeyakumbuka.

DHANA: Karatasi zitafuata baadaye

Sheria ya Vyama inataka chama cha watu kumi au zaidi kiombe usajili au kusamehewa usajili ndani ya siku 28 tangu kuundwa. Kisha kuna mkutano mkuu na taarifa kwa Msajili wa Vyama kila mwaka. Cheti cha kikundi cha kujisaidia hakifanyi kazi hiyo. Usajili wa makanisa mapya uliwahi kusimamishwa mwaka 2014, na kanuni kali zilizopendekezwa zikaondolewa Januari 2016 baada ya viongozi wa dini kuzikataa. Lakini tangu Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa, hakuna afisa anayelitazama kanisa lisilosajiliwa kwa jicho la zamani. Wasio na uwezo wa kusimama peke yao waingie chini ya dhehebu lililosajiliwa, lakini wasome katiba yake kwanza, hasa kifungu cha mali.

Harusi pia. Kuwekewa mikono hakukupi mamlaka ya kufungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka uwe na leseni ya Msajili wa Ndoa. Usingoje mpaka bibi harusi yuko langoni.

DHANA: Ploti iandikwe jina la mchungaji kwa muda, tutabadilisha

Kanisa lililosajiliwa kama chama haliwezi kumiliki ardhi kwa jina lake lenyewe. Humiliki kupitia wadhamini, na wadhamini hao wanaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini ili umiliki uendelee hata wakibadilika watu. Ile ploti ya hamsini kwa mia mliyochangia kwa harambee ikiandikwa jina la mchungaji, siku akifa ni urithi wa mkewe na wanawe, na mahakama haitauliza nani alileta mabati. Hata kama familia ni ya watu wema, kesi ya urithi huchukua miaka. Kwa hiyo mkataba uandikwe kwa majina ya wadhamini tangu siku ya kwanza. Na kama ni shamba la kilimo, kama zilivyo sehemu nyingi za pembezoni mwa mji, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauziano hayana nguvu kisheria, hata kama hema limeshasimama na askofu amekuja kuweka jiwe la msingi.