Je, wajua kwa nini historia ya Kongo ilichorwa juu ya magunia ya unga?

Mwishoni mwa 1973 kijana mmoja mchoraji, aliyezoea kutembeza picha zake nyumba kwa nyumba, alikutana mjini Lubumbashi na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu. Kijana huyo, Tshibumba Kanda Matulu, alikuwa na nia kubwa: kuichora historia yote ya nchi yake, ambayo enzi hizo iliitwa Zaire. Fabian akakubali kuzinunua picha hizo. Kufikia mwisho wa 1974 zilikuwa zimepatikana picha zaidi ya 100, na Tshibumba akazisimulia mbele ya kinasa sauti kwa Kiswahili cha Katanga, mkoa wenye mji huo wa Lubumbashi, kile kinachochanganyika na Kifaransa.

Kwa nini achore, asiandike kitabu? Jibu liko sebuleni. Miaka ile wafanyakazi wa migodi ya shaba, makarani na wachuuzi wa Katanga walipenda kutundika picha ukutani. Turubai la kuchorea lilikuwa ghali, kwa hiyo wachoraji walitumia kitambaa cha magunia ya unga. Mgeni akikaa, macho yanakwenda kwenye picha. Anauliza, na mwenyeji anaanza kusimulia. Wenyewe waliiita picha ya namna hiyo ukumbusho. Vitabu vya shule vilikuwa vimeandikwa na Wabelgiji na wamisionari, na ndani yake mchimba madini hakujiona.

Picha iliyopendwa sana ilikuwa ile ya “Colonie Belge”, yaani Koloni la Ubelgiji. Mfungwa amelala kifudifudi, makalio wazi, anachapwa kiboko. Wafungwa wenzake wamevaa mistari myeusi na ya manjano. Pembeni kuna wanawake waliowaletea waume zao chakula, na juu inapepea bendera ya Ubelgiji. Afisa mzungu amesimama anatazama tu, na anayechapa ni askari mweusi. Mchoraji hakulificha hilo, nami naona ndiyo nguvu ya picha yenyewe: familia nyingi zilimkumbuka aliyechapwa, na nyingine zilikuwa na babu aliyeshika kiboko. Unaitundikaje picha kama hiyo nyumbani kwako usiizungumzie?

Tshibumba alichora hata mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Yeye ni wa 1947, lakini alichora mgomo wa wachimba madini wa Desemba 1941, ambapo askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, na kuua makumi ya watu katika uwanja wa mpira. Habari hizo zilikuwa zikitembea mdomoni mwa watu wa mji, naye akazichukua humo.

Na kifo cha Lumumba je? Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961, porini, mbali na macho ya watu. Katika picha ya Tshibumba miili mitatu imelala chini, nyuma yake imesimama misalaba mitatu, na damu ya Lumumba inatiririka ikiandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Bila shaka hakuna damu iliyoandika neno usiku ule. Alimweleza Fabian kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa Zaire, na misalaba ile ni hoja yake. Mwanahistoria anayetafuta ushahidi wa mauaji ataupata kwingine. Anayetaka kujua watu wa Katanga walikibebaje kifo kile moyoni, hana budi kuiangalia picha hii. Tena aliichora Katanga kwenyewe, penye watu waliomtukuza Lumumba na waliomchukia.

Baadaye katika miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, mishahara ikakosa thamani, na wanunuzi wa sebuleni wakapotea. Tshibumba mwenyewe hajulikani alikoishia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha alizomuuzia Fabian ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojulikana kama Tropenmuseum. Inauma kwamba mtoto wa Lubumbashi sharti apate viza ili aone kazi iliyochorwa kwa ajili ya kuta za mji wake. Ila mazungumzo yale ya kwenye kinasa sauti yaliandikwa na kuwekwa mtandaoni. Msomaji wa Kiswahili, awe wa Mombasa au Kigoma, akivumilia Kifaransa kilichomo na lafudhi ya kule, anaweza kumsoma Tshibumba akieleza picha zake kwa maneno yake mwenyewe, bila mkalimani.