Wanamgambo wa Kolombia na mazungumzo ya amani: dhana potofu na ukweli

Vita vya Kolombia vinapotajwa, wengi wetu hukumbuka FARC (kundi kubwa la waasi wa mrengo wa kushoto), kokeini na mkataba wa amani wa 2016 kati ya kundi hilo na serikali. Wanamgambo wa mrengo wa kulia, makundi yenye silaha yaliyopigana na waasi, hutajwa kwa kupitia tu, na hapo ndipo simulizi nzima inapoharibika.

Dhana: Vita vilikuwa vya serikali na waasi, wanamgambo walikuwa pembeni.

Tume ya Ukweli ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya Juni 2022, ilikadiria kuwa watu 450,664 waliuawa kati ya 1985 na 2018. Wanamgambo walibebeshwa asilimia 45 ya vifo hivyo, makundi yote ya msituni asilimia 27, na askari na maofisa wa serikali asilimia 12. Waliouawa zaidi ni raia, si wapiganaji. Mwenye sehemu kubwa kuliko wote katika mauaji hawezi kuitwa wa pembeni.

Dhana: Walikuwa wananchi waliochoshwa na waasi wakaamua kujilinda.

Uchovu ulikuwepo, tena wa haki. FARC iliteka watu kwa maelfu ili kudai fidia; baba wa ndugu wa Castaño, walioongoza wanamgambo baadaye, alifia mikononi mwa waasi hao. Lakini hasira peke yake hainunui bunduki wala haigharamii jeshi. Mlango ulifunguliwa na dola yenyewe: amri ya 1965, iliyogeuzwa kuwa Sheria Namba 48 ya 1968, iliruhusu jeshi kuwapa raia silaha, na ruhusa hiyo ilidumu hadi 1989. Miaka ya 1990 yakaja makundi ya ulinzi yaliyosajiliwa kisheria, Convivir, na baadhi yakawa njia ya kupitishia fedha za wanamgambo. Wafugaji wakubwa walichangia, walanguzi wa kokeini walichangia, na kampuni za ndizi pia. Mwaka 2007 Chiquita ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba iliwalipa wanamgambo wa AUC, muungano wao mkuu, ikatozwa faini ya dola milioni 25.

Matunda yake yalionekana El Salado, Februari 2000. Wanamgambo walikaa kijijini humo na kandokando yake kwa siku kadhaa, wakaua watu wapatao 60, wengine kwenye uwanja wa michezo mbele ya majirani zao, huku wakipiga ngoma walizozitoa kwenye nyumba ya utamaduni ya kijiji. Askari wa majini waliokuwa eneo hilo walikuwa wameondolewa kabla.

Dhana: Waasi hawakutaka amani kwa sababu vita viliwatajirisha.

Fedha za koka zilirefusha vita, hilo halina ubishi. Ila FARC ilishajaribu siasa. Kutokana na mazungumzo na serikali ya Rais Betancur, chama cha Unión Patriótica kilianzishwa 1985. Wagombea wake wawili wa urais, Jaime Pardo Leal na Bernardo Jaramillo, waliuawa 1987 na 1990. Januari 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliihukumu dola ya Kolombia kuwajibika kwa mateso ya wanachama na wafuasi zaidi ya 6,000 wa chama hicho. Aliyeshuhudia hayo angesalimisha bunduki kwa ahadi ya mdomo?

Dhana: Waathirika ndio walioikataa amani katika kura ya 2016.

Wananchi waliulizwa kama wanaukubali mkataba na FARC, na “Hapana” ilishinda kwa chini ya kura 54,000. Lakini Bojayá, mji ambako bomu la FARC liliua watu waliojificha kanisani mwaka 2002 wakati waasi wakipigana na wanamgambo, takriban asilimia 96 walisema “ndiyo”.

Dhana: Kundi likishasalimisha silaha, limekwisha.

AUC ilianza kuvunjwa baada ya makubaliano ya Santa Fe de Ralito, 2003. Zaidi ya watu 30,000 walijisalimisha hadi 2006, na Sheria Namba 975 iliahidi kifungo cha miaka mitano hadi minane kwa atakayekiri ukweli. Mei 2008 viongozi 14 walipelekwa Marekani kujibu mashtaka ya dawa za kulevya, na familia za marehemu zikabaki kuwatafuta mashahidi waliovuka bahari. Makamanda wa kati hawakukaa bure: kutoka kwao likaibuka kundi linaloitwa Clan del Golfo, lililoshika njia zilezile za magendo. FARC nayo ilipoondoka msituni baada ya mkataba wa 2016, makundi ya namna hiyo yaliingia maeneo iliyoyaacha kabla serikali haijafika. Tangu hapo zaidi ya wapiganaji wa zamani 400 waliosalimisha silaha wameuawa.