Jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani?

Wafanyabiashara wadogo wanaofika kwetu kuuliza habari za tovuti huanza karibu wote na swali moja: itanigharimu shilingi ngapi? Ni swali la haki. Ila wale ambao tovuti wanayo tayari, mimi huwauliza kwanza jina lake limesajiliwa kwa nani. Wengi hunyamaza. Wengine husema, "Kuna kijana alinitengenezea, hayo yote anayajua yeye."

Jibu hilo hunitia wasiwasi kuliko tovuti mbovu. Tovuti mbovu inatengenezeka.

Chukua fundi samani wa Keko, Dar es Salaam. Ana karakana, anajulikana, picha za vitanda na makabati yake ziko Instagram na oda zinaingia kwa WhatsApp. Tovuti ya nini tena? Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwa saa zetu ilikuwa tangu jioni hadi kupita usiku wa manane. Aliyekuwa na mitandao hiyo peke yake hakuwa na pa kumwelekeza mteja. Simwambii mtu aache Instagram, maana wateja wako huko. Namwambia awe na mahali pengine pa kupatikana, ambapo hapafungwi na uamuzi au hitilafu ya mwingine.

Mahali hapo panasimama juu ya vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya kwa sababu fundi wa tovuti huviuza kwa bei moja. Kuna jina la kikoa, yaani anwani ambayo mteja anaiandika. Kuna hifadhi, yaani nafasi unayokodi kwenye seva, kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote, ili kurasa zako zikae. Halafu kuna kurasa zenyewe: maandishi, picha, bei. Hifadhi ukichoka nayo unahamia kwingine. Kurasa zikiharibika zinaandikwa upya. Jina likitoka mikononi mwako, huenda usilipate tena.

Fikiria laini ya simu. Umeigawa namba kwa wateja wote, umeichora ukutani, pesa zinaingia humo, lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mtu mwingine. Hakuna mfanyabiashara makini atakayelala usingizi. Jina la tovuti lililosajiliwa kwa fundi aliyeitengeneza ni hivyo hivyo, ila halionekani kwa macho, ndiyo maana watu wanalala.

Wala si lazima fundi awe mtu mbaya. Mara nyingi alisajili kwa barua pepe yake kwa sababu wewe siku ile hukuwa nayo. Jina la kikoa halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Hulipiwa kwa kipindi, kwa kawaida mwaka, na taarifa za kulihuisha hutumwa kwenye ile barua pepe. Fundi akahama mji, akabadili kazi, akasahau nywila. Taarifa zinakwenda mahali ambapo hakuna anayesoma. Jina la .com likishafutwa na msajili, yaani kampuni inayosajili majina hayo, mwenye nalo hubaki na siku 30 za kulikomboa, tena kwa ada ambayo huwa kubwa kuliko ile ya mwaka. Baada ya hapo zinakuja siku 5 ambazo hakuna cha kufanya, kisha jina linakuwa huru kwa yeyote duniani. Na wako watu ambao kazi yao ni kuyavizia majina ya namna hiyo.

Kwa biashara iliyopo Tanzania, mimi hupendekeza jina linaloishia na .co.tz. Mteja anaona mara moja kwamba uko hapa, na kikoa cha .tz kinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kupitia wasajili walioidhinishwa. Mwenye nyumba ya wageni anayo pia hotel.tz. Jambo moja huwashangaza wengi: kusajili jina la biashara BRELA hakukupi jina la kikoa. Ni madaftari mawili tofauti, na kwenye vikoa anayewahi ndiye anayepata. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha kadi na kuchora kibao, tazama kama jina liko wazi, ulisajili.

Jina lenyewe lijaribu kwa simu. Mpigie ndugu yako, mtajie mara moja tu, mwambie aliandike. Watu huandika wanavyosikia, na wengi wetu tunabadilishana r na l bila kujua. Jina lenye vistari au tarakimu katikati litakugharimu maelezo kila siku.

Unapokwenda kusajili, jaza jina lako au la kampuni yako kama mmiliki. Fundi awekwe kama mhusika wa masuala ya kiufundi. Nafasi hiyo ipo kwenye fomu na inamtosha kwa kazi yake. Barua pepe ya mmiliki isiwe ile inayotumia kikoa hichohicho. Hili husahaulika hata na wataalamu: kikoa kikikatika, barua pepe yake nayo inakatika, na taarifa ya kukuokoa haifiki. Tumia Gmail au nyingine ya kawaida, iwashie uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo wa simu), na namba ya simu unayoifunga nayo iwe yako.

Kurasa ziwe chache. Fundi samani anahitaji picha za kazi zake, bei au angalau bei za kuanzia, namba ya simu inayobonyezeka, na ramani ya kufika karakana. Wateja wengi wanaingia kwa simu, wakitumia bando. Picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu inaweza kufika megabaiti 4. Ukiweka kumi kwenye ukurasa mmoja umemla mteja megabaiti 40 kabla hajaona kitanda. Mwambie fundi wa tovuti azipunguze hadi kilobaiti 200 au chini. Cheti kinacholeta alama ya usalama kwenye kivinjari, mtu asikuuzie kwa bei ya kutisha: shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure.

Ukiweka fomu ya mteja kuacha jina na namba yake, unakusanya taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya au kuchakata taarifa hizo wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama huna matumizi na fomu, iache. Namba ya simu inatosha.

Na ambaye kikoa chake kimekwisha kusajiliwa kwa jina la fundi? Nenda kwake kwa wema, ukiwa na risiti au ujumbe wa malipo. Kubadilisha jina la mmiliki ni jambo ambalo wasajili wanalifanya, na fundi mwaminifu hatakataa. Mwombe pia nakala ya kurasa zote uihifadhi kwako. Akikabidhi, ingia mwenyewe kwenye akaunti, badilisha nywila na barua pepe yeye akiwa hapo, angalia tarehe ya mwisho ya usajili, kisha iandike kwenye kalenda ya ukutani pale karakana, mwezi mmoja kabla.