Mzigo wa paa katika nyumba za Eichler

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vitongoji vya Marekani vilijaa nyumba zilizojengwa harakaharaka, nyingi zikiiga sura za kale. Joseph Eichler, aliyetoka katika biashara ya siagi na mayai, alipata kupanga nyumba iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright huko Hillsborough, California, na ladha yake haikuwa tena ile ya majirani. Aliwapa kazi wasanifu wa usasa, kwanza Anshen na Allen, baadaye Jones na Emmons, akajenga takribani nyumba 11,000, karibu zote California. Aliziuza bila kujali rangi ya mnunuzi, na mwaka 1958 alijitoa katika chama cha kitaifa cha wajenzi wa nyumba kwa sababu kilikataa kupinga ubaguzi.

Wageni wa nyumba hizi husifu vioo. Mimi, kwa kazi yangu ya usanifu, hutazama boriti kwanza. Mzigo wa paa hupokewa na boriti, ukashuka kwenye nguzo hadi kwenye jamvi la zege, yaani bamba la sakafu lililomwagwa juu ya ardhi, na kwa kuwa ukuta ulio kati ya nguzo haubebi kitu, upande wa uani unaweza kuwa kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, ilhali upande wa barabarani umezibwa kwa mbao. Boriti yenyewe hupita juu ya kioo bila kukatika, ikatokeza nje kushika upenu. Mbao unazoziona juu ya kochi ndizo hizohizo zinazobeba paa.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Paa lisilo na uwazi kati yake na dari halina pa kuficha nyaya wala kinga ya joto. Nyumba hupashwa joto na mabomba ya maji moto yaliyozikwa ndani ya jamvi, na raha yake miguuni ni kubwa, lakini shaba ilipoadimika wakati wa Vita vya Korea baadhi ya nyumba ziliwekewa mabomba ya chuma, ambayo mengi yameliwa na kutu. Wenye nyumba wengi huyatelekeza, wakapandisha mifereji ya hewa juu ya paa, jambo linaloharibu mstari wote wa jengo (na, kusema kweli, hunikera). Mimi hushauri kwanza mabomba yapimwe kwa shinikizo, mahali panapovuja patafutwe kwa kamera ya joto, kisha zege ipasuliwe hapo tu.