Masese saa nne asubuhi

Juzi nilipanda boda kutoka mjini Jinja, Uganda, kwenda kwa wavuvi wa Masese, na kijana aliyenibeba akaniuliza, "Mama, unaenda kutafuta nini kwa wale wavivu? Saa hizi saa nne, wote wamelala." Neno hilo nimelisikia kwa madiwani, kwa wanafunzi wanaokuja na madodoso, hata kwa wenzangu wa kazini. Na mji wenyewe ndio makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria! Nimehesabu samaki katika mialo ya ghuba hii (mwalo ni ufuko wanakoshushwa samaki) miaka kumi na tisa. Leo nimechoka kunyamaza.

Masese ni mwalo wa mukene, yaani dagaa. Mukene hufuata taa, na taa inataka giza. Kwa hiyo mtumbwi unatoka jua likizama. Baria (ni baharia yuleyule, ziwa limemfupisha jina) wanawasha taa za sola, wanangoja wadudu wakusanyike na samaki wawafuate, wanavuta wavu, wanahama, wanavuta tena hadi alfajiri. Mtu wa namna hiyo saa nne asubuhi unataka awe macho akufanyie nini?

Mwezi ukipevuka, taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, na mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa. Hapo ndipo nyavu zinashonwa, madeni yanadaiwa, posa zinapelekwa, na pombe inanyweka, sikatai. Mgeni akija siku hizo anaondoka na habari za kijiji cha walevi. Akija siku za giza anaandika kijiji cha watu waliolala. Mimi mwenyewe nimehesabu Masese katika giza na katika mbalamwezi, ungedhani ni vijiji viwili. Namba ninazopeleka ofisini hazisemi mwezi ulikuwa wapi, na jambo hilo linanisumbua.

Ng'ambo, upande wa Bugungu, kuna vizimba vya samaki majini. Sato wa kizimbani analishwa mchana, kwa saa, na anayemlisha ana mshahara. Kule dukani unakopeshwa hadi mwisho wa mwezi wa kalenda. Masese unakopeshwa hadi giza lirudi. Ghuba ni moja, lakini ukimweleza mwenye duka wa Bugungu kwamba utalipa giza likirudi, hatakuelewa. Wategaji wa sangara nao wana saa zao, siwagusi leo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hili la kwamba watu wa mwalo "hawana kwao." Baria anahama, ndiyo. Leo yuko Masese, mwezi ujao yuko visiwani Buvuma. Lakini mtazame mwanamke anayemngoja ufukweni. Ametandika nyavu kuukuu juu ya mchanga, amemwaga mabeseni, anageuza samaki kwa fagio la njiti kila jua linapozidi. Kisha anachota ukufi mmoja na kuubana: wakilia kama majani makavu, tayari, wakinyamaza, bado. Mafuta ya injini ya mtumbwi ule ametoa yeye, na baria atarudi kumuuzia yeye, awe amelala Buvuma au kwingineko. Mama huyo ana nyumba, ana watoto shuleni Walukuba, ana kaburi la mumewe. Hana kwao vipi?

Kuna jambo moja nimelihubiri miaka mingi ambalo sasa nalitilia shaka. Nilikuwa nikiwaambia waanike kwenye vichanja, wasianike mchangani, kwa sababu mukene mwenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, na yule safi huliwa na watu kwa bei nzuri zaidi. Ni kweli. Ila mnunuzi wa chakula cha kuku anakuja na fedha taslimu siku hiyohiyo, hata mvua ikiwa imetanda, na hachagui. Wa mukene safi anachagua, tena anaahidi. Siku hizi nikimkuta mama amemwaga samaki mchangani, namuuliza kwanza ada ya shule inadaiwa lini.

Yule kijana wa boda nilimwambia aje saa kumi na moja alfajiri, siku za giza, mitumbwi inapoingia na yangeyange wameshajipanga ufukweni. Na aje na beseni lake, maana saa hiyo hakuna wa kumuazima.