Muswada Uliokataliwa Si Lazima Uwe Mbovu

Wengi huamini kwamba muswada ukirudishwa na mchapishaji, basi umeandikwa vibaya. Wakati mwingine ndivyo. Lakini uhariri, upangaji wa kurasa na jalada hugharimiwa kabla nakala ya kwanza haijauzwa, kwa hiyo mchapishaji anayepunguza vitabu mara nyingi huanza na waandishi wasiojulikana. Kitabu kilichokwisha kuuzika hakimtishi.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe. Chukua vitabu 10 vya karibuni vya mchapishaji unayemlenga, ufungue ukurasa wa hakimiliki, ambao kwa kawaida uko nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Soma miaka. “Toleo la kwanza 2009, chapa ya sita 2023” ni kitabu cha zamani kilichorudi mtamboni, usikihesabu. (Hapa wengi huchanganya: chapa ni kupiga nakala zaidi, toleo jipya ni maandishi yaliyorekebishwa.) Kwa vinavyobaki, soma wasifu wa mwandishi kwenye jalada la nyuma: ni wangapi hicho ndicho kitabu chao cha kwanza? Ukimpata mmoja tu, au hakuna, huenda ulibisha mlango uliokwisha kufungwa.

Barua inayotaja sura fulani au mhusika wako kwa jina ni habari nyingine. Hiyo imetoka kwa mtu aliyesoma, ifanyie kazi.