Roboti ya kuandaa sampuli za DNA: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Inamaliza kazi haraka kuliko mtu." Si lazima. Ukiwa na sampuli nane tu, fundi mzoefu mwenye pipeti (kifaa cha kuvuta na kutoa kimiminika) ya ncha nane anaweza kumaliza kazi wakati roboti bado inapangiwa vifaa. Faida yake huonekana kwenye sahani ya vishimo 96, na hata hapo kubwa si kasi. Ni kwamba mtu anaiacha ifanye kazi, anaenda kushughulika na mengine.

"Haikosei." Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi. Mtu aliyechoka huharibu kishimo kimoja au viwili. Roboti iliyoelekezwa vibaya huharibu vyote 96, tena bila kusita. Ncha ikishuka pungufu kidogo huvuta hewa, na kama mashine haina kihisio cha kimiminika, inaendelea kama kawaida. Kibaya zaidi ni sahani ya indeksi, zile alama fupi za DNA zinazotambulisha kila sampuli. Ikizungushwa, upande wa nyuma ukakaa mbele, kishimo A1 kinakaa mahali pa H12. DNA itasomeka vizuri kabisa, ila majibu ya mgonjwa mmoja yatakwenda kwa mwingine.

"Hatua za mkono unazihamishia kwenye programu, basi." Laiti. Vimeng'enya vingi huhifadhiwa kwenye gliseroli, nzito kama asali. Ukivuta haraka unapata pungufu. Shanga za sumaku zinazonasa DNA hutuama, hivyo lazima zikorogwe kabla ya kugawanywa. Halafu kuna kukausha baada ya kuzisafisha kwa ethanoli ya asilimia 80. Fundi hutazama: zikianza kupasukapasuka, amechelewa, na DNA itagoma kuachia. Ethanoli ikibaki, PCR, yaani hatua ya kuzidisha nakala za DNA, inaweza kukwama. Roboti haitazami, inahesabu dakika ilizopewa, kiyoyozi kiwe kimewaka au kimezimika.

"Itaokoa sampuli mbovu." Hapana. DNA iliyokatikakatika itabaki hivyo.

"Ni ya maabara tajiri tu." Zamani ilikaribia kuwa kweli. Leo zipo ndogo za mezani, kama OT-2 ya Opentrons, ya bei nafuu kuliko mashine kubwa za Hamilton au Tecan, na maelekezo yake huandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kinachokamua bajeti ni ncha za plastiki, zinazotupwa kila baada ya matumizi. Wakati wa korona ziliadimika duniani kote. Kabla ya kuulizia bei ya mashine, ulizia ya ncha, na kama inakubali za kampuni nyingine.